Je, Wajua? Mjomba wa Kusini mwa India Hana Likizo

Je, wajua kwamba katika jamii nyingi za kusini mwa India shughuli haianzi mpaka mjomba afike? Masikio ya mtoto yatasubiri, binti aliyevunja ungo atasubiri, hata bibi harusi atasubiri. Leo tunavuka bahari hadi Tamil Nadu, Kerala, Karnataka na Andhra Pradesh kumfuatilia huyu kaka wa mama, ambaye kazi zake zinaanza mpwa akiwa mchanga na haziishi mpaka mfuko utoboke.

Je, wajua kwamba mjamzito wa Kitamil huvishwa bangili mikono yote miwili? Sherehe hiyo huitwa valaikappu, na mara nyingi hufanywa mimba ikiwa na miezi saba. Wanawake wa ukoo hupita mmoja mmoja, kila mtu na bangili zake za kioo, nyekundu na kijani, wakiamini mtoto tumboni anausikia mlio wake. Baadaye mwenyewe hulishwa wali wa kila namna: wa ndimu, wa ukwaju, wa nazi, wa mtindi. Kisha, kama ni uzazi wa kwanza, hurudi kwao akajifungulie kwa mama yake.

Huko Kodagu, nchi ya milima na kahawa katika Karnataka, mtoto wa kiume wa Wakodava hupokewa kwa mlio wa bunduki. Desturi ya zamani ilitaka kichanga ashikishwe pia upinde mdogo uliotengenezwa kwa kijiti cha mbarika. Mtu akifariki, bunduki hulia mara mbili, na waliopo bonde la pili wanajua kuna msiba. Tangu enzi za Waingereza Wakodava wamesamehewa leseni ya bunduki, na mwaka 2019 serikali ya India iliuongeza msamaha huo hadi 2029.

Je, wajua kwamba kuna watu ambao kwao baba wa mtoto alijulikana kwa upinde, si kwa kitanda? Ni Watoda wa milima ya Nilgiri huko Tamil Nadu, wafugaji wa nyati ambao hawafiki hata elfu tatu. Zamani mwanamke wa Kitoda aliolewa na ndugu wote wa tumbo moja kwa pamoja. Sasa mtoto akizaliwa ni wa nani? Mimba ikifika mwezi wa saba, mmoja wa ndugu hao alikwenda na mke porini, shina la mti likachongwa kishimo, taa ikawashwa humo, naye akamkabidhi mke upinde mdogo na mshale wake. Aliyetoa upinde ndiye baba, basi. Habari za nani alilala wapi hazikuulizwa. Watoto waliofuata nao walikuwa wake, hata awe amekwisha kufa, mpaka ndugu mwingine atoe upinde wake. Daktari na mtafiti wa Kiingereza W. H. R. Rivers aliishi nao mwanzoni mwa karne ya 20 na kuyaandika haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1906. Ndoa za namna hiyo zimekwisha, ila sherehe ya upinde haijaachwa. Na jina la mtoto wa kiume, Rivers aliandika, lilitolewa na nani? Na mjomba, naam. La mtoto wa kike lilitolewa na shangazi.

Kerala, mtoto wa Kihindu hufungwa uzi kiunoni siku ya 28. Akikaribia miezi sita hulambishwa wali kwa mara ya kwanza, na wazazi wengi humpeleka hekalu la Guruvayur kwa shughuli hiyo. Akitimiza miaka miwili mitatu, siku ya sikukuu ya Vijayadashami hukalishwa mapajani mwa mwalimu, herufi zikaandikwa kwenye ulimi wake kwa pete ya dhahabu, halafu kidole chake kikaongozwa kuandika juu ya sinia la mchele. Siku hizi makanisa kadhaa na hata ofisi za magazeti hupokea watoto siku hiyo.

Tukirudi Tamil Nadu: mtoto hunyolewa nywele kwenye hekalu la mungu wa ukoo, kisha hukalishwa mapajani mwa mjomba na kutobolewa masikio. Kilio ni cha mtoto. Hereni za dhahabu ni za mjomba.

Binti akivunja ungo, mjomba anaitwa tena. Kwa desturi yeye ndiye anayemjengea kibanda cha makuti mabichi cha kukaa ndani siku kadhaa, na siku ya kutoka, binti akishaogeshwa kwa maji ya manjano, ni mjomba anayeongoza msafara wa masinia: sari ya kwanza, dhahabu, matunda, maua, ngoma mbele. Majirani huhesabu masinia hadharani, na mjomba mwenye masinia machache atasemwa mwaka mzima. Siku hizi wapo wazazi wanaobandika picha ya binti kwenye bango kubwa barabarani kutangaza kuwa amekua. Wapo pia mabinti wanaoona aibu kwa hilo, na safu hii iko upande wao.

Je, wajua kwamba Watamil nao wana michango ya shughuli, tena ya daftari? Inaitwa moi. Karani hukaa mlangoni, anaandika jina na kiasi, na ulichopewa ni deni: mwenzio akifanya shughuli yake unarudisha, na heshima inataka uzidishe kidogo. Katika sehemu za wilaya za Pudukkottai na Thanjavur wamefika mbali zaidi. Huko mtu anaweza kuandaa karamu ya nyama ya mbuzi bila harusi wala jando, karamu ya moi tu, ili akusanye fedha za kuchimba kisima, kusomesha watoto au kufungua duka. Hakuna riba wala dhamana ya hati. Dhamana ni daftari na aibu. Wajumbe wa kamati za harusi wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao ahadi zenu huishia kwenye kundi la WhatsApp, hapo pana la kujifunza.

Sasa jambo zito. Je, wajua kwamba kwa desturi ya Watamil, Watelugu na Wakannada wengi, mjomba anaweza kumuoa mpwa wake, binti wa dada yake? Kaskazini mwa India Wahindu huliona jambo hilo kama kuzini na maharimu. Kusini lilikuwa haki, na mjomba aliyenyimwa alistahili kuombwa radhi. Sheria ya ndoa za Kihindu ya mwaka 1955 inakataza ndoa za namna hiyo, lakini imeacha mlango kwa wenye mila inayoziruhusu. Ndoa kati ya watoto wa kaka na dada ni za kawaida zaidi, kama zilivyo za mabinamu katika familia nyingi za Waswahili. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021, zaidi ya robo ya wanawake waliowahi kuolewa huko Tamil Nadu na Karnataka walisema waliolewa na ndugu wa damu. Madaktari wanaonya kuhusu magonjwa ya kurithi, nao wazee hujibu kwamba shamba limebaki nyumbani. Kwangu hoja ya shamba haimtoshi mtoto atakayezaliwa mgonjwa.

Harusini, wajomba wa Kibrahmani wa Kitamil hufanya kazi ya misuli: bibi na bwana harusi hubebwa mabegani na wajomba zao wakati wa kuvishana mashada ya maua, kila upande ukimrusha wake juu ili mwenzake asimfikie shingoni. Kabla ya hapo bwana harusi huwa ameshika mwavuli na fimbo, akijifanya amebadili mawazo na anakwenda zake mji mtakatifu wa Kashi kuwa mtawa, mpaka baba wa binti amfuate na kumbembeleza arudi. Kila mtu anajua atarudi. Kwa Watelugu, mjomba humbeba bibi harusi ndani ya kapu la mianzi hadi jukwaani. Kwa Wakodava hakuna kuhani kabisa, wazee ndio wanaobariki. Mashina ya migomba husimamishwa, na heshima ya kuyakata kwa upanga ni ya upande wa wajomba. Bibi harusi wao huteka maji kisimani akajitwika, na wakwe wakamzuia njia kwa kucheza ngoma mbele yake, saa nzima na zaidi, naye hatakiwi kuchoka.

Wakristo wa Kisiria wa Kerala nao hufunga kidani cha ndoa kama Wahindu, ila chao kina msalaba wa vitone vya dhahabu, na nyuzi zake huchomolewa kwenye sari ambayo bwana harusi amemletea mkewe.

Asili ya nguvu ya mjomba inaonekana vizuri zaidi Kerala. Kwa Wanayar, nyumba kubwa ya ukoo ilikuwa ya wanawake, watoto walikuwa wa mama, na msimamizi wa mali alikuwa kaka wa mama. Mume alikuja usiku na kuondoka asubuhi. Hata ufalme ulifuata njia hiyo: Marthanda Varma wa Travancore alipofariki mwaka 1758, kiti kilikwenda kwa mpwa wake. Sheria zilianza kuzigawa nyumba hizo za ukoo vipande katika karne ya 20, na jimbo la Kerala likaufuta rasmi mfumo huo kwa sheria ya mwaka 1975.

Na Waislamu je? Nasaba ya Arakkal ya Kannur, iliyotawala visiwa vya Lakshadweep, ilimpa uongozi mkubwa wa umri katika uzao wa kike, awe mwanamume au mwanamke. Hadi leo Waislamu wa Lakshadweep hurithishana mali ya ukoo kwa upande wa mama, huku mali nyingine zikifuata sheria ya Kiislamu. Wangazija wa Komoro, wenye manyahuli yao, yaani mali ya ukoo inayorithiwa kwa upande wa mama, hawatashangaa hata kidogo.

Je, wajua kwamba huko Tamil Nadu mtu akifika miaka 60 anaoa tena, na mke yule yule? Kalenda ya huko ina miaka 60 yenye majina, kwa hiyo akifikisha umri huo mwaka wa kuzaliwa kwake umerudi. Wengi huenda hekalu la Thirukkadaiyur, watoto na wajukuu wakawa mashahidi. Aliyepita 80 husherehekea kuona mwezi mpevu mara elfu moja.

Kwenye msiba mambo hubadilika. Wahindu wengi huchoma maiti, lakini Walingayat wa Karnataka huzika, tena marehemu akiwa amekaa kama anayetafakari. Kwa Wabadaga wa Nilgiri, mzee husimama mbele ya maiti na kutaja dhambi ambazo marehemu na wazee wake huenda walizitenda: aliua mjusi, alisogeza mpaka wa shamba. Zamani mzigo huo wote ulitwishwa ndama, akaachiwa aende zake.

Wala kifo hakimalizi deni la harusi. Katika eneo la Watulu, pwani ya Karnataka, waliokufa kabla ya kuoa huozeshwa wao kwa wao, na karamu inaliwa kama kawaida. Mwaka 2024 familia moja ya wilaya ya Dakshina Kannada ilitangaza gazetini kwamba inamtafutia mume binti yao aliyefariki miaka 30 iliyopita. Masharti: awe wa tabaka lao, na awe naye amekufa yapata miaka 30.