Pikipiki ya mzigo: ununue ya mkononi au mpya? Nilichojifunza kwa hela ya kikundi

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Dada, nina kama milioni mbili na nusu, ninunue pikipiki gani ya kubebea mzigo?" Nimeona niandike hapa badala ya kumjibu kila mtu peke yake, maana jibu langu lina historia, na historia yenyewe ilinigharimu 1,450,000 ambayo wala haikuwa yangu.

Mimi nauza dagaa wa Nyasa. Mzigo unakuja kwa basi kutoka Mbamba Bay, naupokea hapa Songea, nafungasha upya, halafu nazunguka nao siku za gulio: Peramiho, Mpitimbi, mara nyingine mpaka Muhukuru kule kuelekea mpaka wa Msumbiji. Mwanzoni nilikuwa nakodi bodaboda. Jioni nikikaa na daftari naona dereva ametengeneza hela kuliko mimi mwenye dagaa. Ndipo nikajifunza kuendesha, nikaenda kwenye kikundi chetu cha VICOBA, nikakopa.

Nikanunua Boxer 150 mkononi kwa mtu. Mlio mzuri, tairi nzuri, bei nzuri. Kadi ilikuwa na jina la mtu mwingine, nikaambiwa ni shemeji yake yuko Dar. Tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, nikatoa hela. Mwezi na nusu baadaye nipo sokoni napanga madebe, wakaja wanaume wawili na mkataba wao wenye mhuri. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na aliyeniuzia hakuwa amemaliza hata nusu. Kituoni ikaonekana kadi niliyopewa ni kivuli cha rangi. Halisi ilikuwa kwa mwenyewe siku zote. Pikipiki ikaondoka, muuzaji simu haipatikani, na mimi nikabaki na marejesho ya kikundi ya miezi tisa. Nililipa yote. Wenzangu walionidhamini walikuwa wanawake wenye watoto kama mimi, ningewaangaliaje usoni?

Kwa asiyejua: mkataba ni mwenye pikipiki kumpa kijana aendeshe, kijana analeta hesabu kila siku au kila wiki mpaka kiasi walichokubaliana kitimie, ndipo pikipiki inakuwa yake. Ni utaratibu mzuri, umewatoa vijana wengi. Ila mpaka hela ya mwisho ilipwe, chombo ni cha aliyeandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, nendeni wote wawili ofisi ya TRA, wewe na TIN yako na yeye na yake, kadi ikaangaliwe pale pale na umiliki uhamishwe. Halafu linganisha namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini. Zote mbili zisomeke kama kadi inavyosema. Ukiona namba imesuguliwa au imepakwa rangi juu yake, funga pochi yako urudi nyumbani.

Mwaka uliofuata nikawa na 2,400,000 yangu mwenyewe. Safari hii sikwenda na shemeji wala jirani. Nilikwenda na fundi wangu wa Mfaranyaki, mzee mmoja mtaratibu ambaye siku ya kwanza aliniuliza, "Mama, nani anaendesha, wewe au baba watoto?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Basi panda kwanza tuone miguu inafika chini." Jamani, hicho kitu hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Ukiwa na kilo themanini za dagaa nyuma na ukasimama kwenye tope, mguu usipokanyaga vizuri unaanguka na mali.

Tuje kwenye ukubwa. Huko Ulaya na Japani wakisema pikipiki kubwa isiyo na mabodi, ile ambayo injini yote iko wazi, wanamaanisha cc 750 au 1000 na zaidi. Huku kwetu injini zetu zote ziko wazi, na kubwa ya mfanyabiashara ni 150. Cc 100 inabana mafuta na inatosha kama unapeleka mboga kutoka Bombambili hadi sokoni. Cc 125 iko katikati, na kwa mzigo wa kawaida barabara ya lami inafaa sana. Mimi nilitaka 150 kwa sababu ya vilima na vumbi, na kwa sababu injini ndogo ikibebeshwa mzigo mkubwa kila siku unaitesa kwenye gia namba mbili mpaka inachemka.

Lakini angalia leseni yako kabla ya kuchagua. A1 ni ya pikipiki ndogo, hadi cc 125. Ukinunua 150 unahitaji daraja A. Boxer 150 injini yake ni cc 144.8, hiyo tayari imevuka. Nimekutana na watu wana 150 na leseni ya A1, na siku ikitokea ajali ndipo wanagundua bima ina maswali mengi. Na kama utabeba abiria kwa kulipwa, hapo kuna leseni ya LATRA pia. Dagaa haombi leseni ya abiria, nashukuru.

Sasa lile swali la zamani au mpya. Watu wengi wanachanganya vitu viwili, hata mimi nilichanganya. Kuna umri wa pikipiki yenyewe, yaani imetembea miaka mingapi na mikononi mwa nani. Na kuna umri wa muundo, yaani ile aina ilibuniwa lini. Unaweza kwenda dukani leo ukatoa pikipiki yenye sifuri kwenye mita ambayo injini yake ilibuniwa kabla wewe hujazaliwa.

Mfano mzuri ni Honda CG125. Ilitoka miaka ya 1970, na Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona kwamba huku watu wanabeba mizigo mizito, oili haibadilishwi kwa wakati, na kichujio cha hewa kinajaa vumbi hadi kinaziba. Wakaacha kuweka shafti ya valvu juu kwenye kichwa cha injini, wakaiweka chini karibu na oili, na valvu zikasukumwa na fimbo mbili za chuma. Mafundi wanaziita pushi rodi. Haina taimini cheni ya kulegea. Wachina walipoanza kutengeneza pikipiki zao, nyingi walifuata muundo huo huo, wakaukuza hadi 150 na hata 200. Ndiyo maana ukifungua za Kichina za majina kumi tofauti unakuta ndani ni ndugu.

Boxer na TVS HLX, hizi za Kihindi tulizozizoea, zina shafti juu na taimini cheni. Zinakwenda laini, hazitikisiki sana, na kwa uzoefu wangu wa kulinganisha na wenzangu zinabana mafuta vizuri kuliko za pushi rodi. Ila zinataka oili safi. Oili lazima ipande mpaka juu kichwani. Ukiichelewesha, cheni ile ya ndani inaanza kupiga kelele ubavuni, na kelele hiyo ikianza ujue hela inakuja kutoka.

Kuhusu mambo mengine ya kisasa, nitasema ninavyoona mimi. Breki ya diski mbele chukua, usijiulize mara mbili. Watu wanasema ni mambo mapya, wakati Honda waliiweka kwenye CB750 mwaka 1969. Ukishuka mteremko una mzigo, breki za ngoma zikipata moto zinakuwa kama hazipo. Selfu ni nzuri, hasa mjini, lakini usinunue yoyote isiyo na kiki. Songea mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi unaijua, betri ikichoka na huna kiki utasukuma mpaka Msamala. Rimu za aloi zinapendeza, na kwenye lami hazina shida. Ila ikigonga shimo ikapasuka huko Muhukuru, umeisha. Ya spoku inakunjwa na kunyooshwa na fundi wa baiskeli.

Zile zisizo na kabureta, zinazopuliza mafuta zenyewe kwa kompyuta, sina ugomvi nazo. Zinawaka asubuhi bila choki na zinatumia mafuta kidogo. Lakini zikigoma hazitaki spana, zinataka mtu mwenye kifaa cha kusomea, na mtu huyo huko magulioni hayupo. Labda miaka kumi ijayo.

Basi turudi kwangu na hela yangu. Mezani nilikuwa na vitu vitatu. Boxer 150 mpya, ambayo nilipungukiwa kama laki sita. Boxer 150 ya miaka mitatu mkononi, hela inatosha na chenji inabaki. Na ya Kichina 150 mpya ya pushi rodi, inatosha kabisa.

Moyo ulikuwa kwenye ile ya mkononi. Fundi akaniambia tuifuate alfajiri kabla mwenyewe hajaiwasha, kwa sababu injini ikishapashwa moto inaficha maradhi. Tulifika, akagusa injini, ikawa ya moto! Akacheka tu. Tukarudi siku ya pili mapema zaidi. Ikawaka kwa shida, ikatoa moshi wa bluu, ule wa kuunguza oili, ukaisha baada ya dakika chache. Akatikisa tairi la nyuma kulia na kushoto, likacheza. Halafu akavua siti. Chini yake, pale keria inaposhika fremu, kulikuwa na mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi. "Hii imebeba magunia ya mahindi," akasema, "tena mawili mawili." Mwenyewe alikuwa ametuapia kwamba ilikuwa ya kwendea kanisani.

Mwenyekiti wetu wa kikundi akanishauri nikope ile laki sita nichukue Boxer mpya. Alikuwa na nia njema, na kihesabu alikuwa sahihi pengine. Lakini mimi nilikuwa nimeshakula marejesho ya miezi tisa ya pikipiki isiyokuwepo. Nikasema hapana, nikachukua ya Kichina mpya. Muundo wa zamani, chombo kipya.

Sitawadanganya kwamba ni nzuri kila kitu. Wiki ya kwanza fundi alikaza nati zote upya, na bado mbili zilidondoka njiani. Keria ya dukani ilipasuka, nikatengenezewa nyingine ya chuma kizito. Kromu imeota kutu mvua ya kwanza tu. Seti ya cheni nilibadilisha mapema kuliko nilivyotegemea. Na mafuta, nikilinganisha daftari langu na la mwenzangu mwenye Boxer tunaokwenda naye gulio la Peramiho, yeye ananishinda kila wiki.

Lakini injini haijafunguliwa mpaka leo, na sijalala njiani hata siku moja. Oili ya kwanza nilimwaga kilomita 500, baada ya hapo nabadilisha kwa tarehe niliyoandika kwenye daftari, sisubiri iwe nyeusi. Siku waya wa klachi ulipokatika Muhukuru, kijana aliyekuwa anatengeneza chini ya mwembe alikuwa nao kwenye ndoo yake ya spea. Dakika ishirini, nikarudi gulioni watu bado wapo. Dagaa wakibaki kutwa kwenye mvua hawana bei kesho, kwa hiyo kwangu zile dakika ishirini ni mtaji.

Wewe ambaye njia yako ni lami tupu, Songea hadi Mbinga karibu kilomita 100 kila safari, au Songea hadi Namtumbo, ningekwambia tofauti. Vuta subira, ongeza hela, chukua Boxer au HLX mpya, yale mafuta unayobana yatakurudishia tofauti ya bei. Na kama njia yako ni ya vumbi na tope na mafundi ni wa chini ya mwembe, waulize hao mafundi kwanza wana spea gani kwenye ndoo, ndipo uende dukani.

Yule mwenzangu wa Peramiho anataka kuuza Boxer yake anunue bajaji ya mizigo. Aliitoa dukani mwenyewe, kadi ina jina lake, na miaka yote hii nimekuwa namwona anavyobadilisha oili na anavyobeba. Hiyo naijua kama ninavyojua mtoto wa jirani. Tumekubaliana bei. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote TRA, na fundi wangu ameshasema kesho alfajiri atapita kwake kugusa injini kabla haijawashwa.