Kalamu na Kompyuta

Wapo wanaouliza: mwandishi wa habari ana haja gani ya kujifunza kuandika programu za kompyuta? Kazi yake si kalamu?

Tunawajibu kwa mfano wa Detroit, Marekani. Julai 1967 mji huo ulikumbwa na ghasia zilizoua watu 43. Ilidhaniwa kwamba waliofanya ghasia ni watu wasio na elimu na wahamiaji kutoka majimbo ya kusini. Mwandishi Philip Meyer, aliyekwisha kujifunza matumizi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard, alishiriki kuwahoji wakazi weusi, na majibu yao akayachambua kwa mashine. Ikadhihirika kuwa waliofika chuo walishiriki kwa kadiri ile ile ya walioacha shule, na wazaliwa wa kaskazini zaidi kuliko wahamiaji.

Dhana ile ingaliachwa, dawa ingalipelekwa pasipo ugonjwa.

Hatusemi kila mwandishi awe fundi wa programu. Tunasema kila gazeti, hata la visiwani kwetu, liwe na ajuaye kuzihoji takwimu kama anavyomhoji mtu. Nao wakuu wa idara wasizifungie takwimu hizo kabatini, kwani ukweli uliohesabiwa huwafaa wao kwanza.