KOA WA BAHARI: TUMTAMBUE VIPI?



Hapa Karagwe na Kyerwa tuna Mto Kagera na maziwa madogo, lakini bahari iko mbali. Hata hivyo vijana wetu huenda Tanga, Dar es Salaam na Unguja kusoma, na baadhi yao hushuka miambani bila kujua wanakanyaga nini. Tumtazame basi koa wa bahari.

Koa wa migombani tunamjua: ni konokono asiye na gamba. Wa baharini ni jamaa yake. Akiwa mchanga huwa na gamba dogo, kisha aina nyingi hulipoteza zikikua. Je, hujikinga kwa nini? Wengi hula sponji wenye sumu na kuihifadhi sumu hiyo mwilini. Rangi zao kali ni onyo kwa samaki.

Alama zake kuu ni hizi:

1. Pembe mbili kichwani, anazonusia.
2. Matamvua mgongoni, mengi yamekaa kama ua upande wa nyuma.
3. Mayai yaliyopangwa kama utepe uliozungushwa.

Mnyoo bapa hufanana naye, lakini ni mwembamba kama karatasi na hana matamvua.

Si elimu ngeni pwani yetu. Charles Eliot, mtawala wa Kiingereza wa Afrika Mashariki hadi 1904, aliandika makala juu ya makoa wa Unguja.

Wakati wa kuwatazama ni maji yakipwa sana, yaani bamvua. Bamvua hufuata mwezi: huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Hijria atazame tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo, Unguja, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 4. Mtoto aliyesahau kurudi anaweza kuzingirwa na maji.

Basi tuwausie watoto wetu: wavae viatu, wafuatane na mwenyeji, na maji yakianza kurudi nao warudi. Watazame bila kushika. Jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, kwani chini yake ni makazi ya viumbe. Na konokono mwenye gamba la umbo la pia asiokotwe kamwe, hata akiwa mzuri: mchomo wa baadhi yao huua mtu.