Kuichochea Core 2 Duo ya mtumba bila kuiunguza: joto kwanza, spidi baadaye

Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaoshinda kafe na kwenye steshenari za huku boda: "Kaka, hii kompyuta yangu ya zamani siwezi kuiongeza spidi bila kununua nyingine?" Jibu ni kwamba unaweza, ila si kila mashine inakubali, na usiguse kitu kabla hujajua joto lake likoje.

Jambo lenyewe linaitwa kuovakloki. Mimi naita kuchochea, kama unavyochochea jiko: moto unaongezeka na kuni zinaliwa haraka. Unailazimisha prosesa ikimbie zaidi ya spidi aliyoiandika mtengenezaji. Wengi tuna Core 2 Duo zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya zikapita Dubai zikatufikia bei chee, na ndizo zinazolalamikiwa. Ukifungua YouTube inakwamakwama, kwa sababu video zao nyingi zinakuja kwa mfumo wa VP9 ambao kadi za picha za zamani hazijui kuufungua, basi mzigo wote anabebeshwa prosesa peke yake. Ukikata video ya harusi unaiacha inapika hadi ukalale uamke.

Sasa spidi inatoka wapi? Kwenye madabodi kuna mapigo, kama ngoma, na prosesa ina namba yake ya kuzidishia. Chukua Core 2 Duo E4300, iliyotoka mwaka 2007. Mapigo ni megahezi 200, namba ya kuzidishia ni 9, unapata 1,800, yaani gigahezi 1.8. Ile 9 imefungwa, huwezi kuipandisha. Lakini mapigo unaweza. Ukiyapeleka 266 unapata kama gigahezi 2.4 kutoka prosesa ileile uliyonunua. Si ujanja mpya. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A ya bei ya chini, watu wakapandisha mapigo kutoka 66 hadi 100 ikakimbia 450, spidi ya prosesa ya bei mbaya ya wakati ule.

Mwenye kulipa hiyo ongezeko ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na spidi, lakini kwa volti unapanda kwa kipeo cha pili. Piga hesabu. Kutoka 1.8 hadi 2.4 ni ongezeko la theluthi moja, basi umeme nao kama theluthi, volti ikibaki palepale. Sasa mtu akiona mashine inaganda anakimbilia kuongeza volti, tuseme kutoka 1.25 hadi 1.40. Gawanya upate 1.12, zidisha kwa yenyewe upate 1.25, zidisha na ile theluthi yako: umefika 1.67. Yaani joto limepanda asilimia 67 wakati spidi imepanda 33 tu. Hapo ndipo mashine za watu zinapofia. Ukitoka na kitu kimoja kwenye makala hii, kiwe hiki: spidi usiiogope sana, ogopa volti.

Kabla ya yote hayo, inawezekana kabisa mashine yako hata ile 1.8 uliyoinunua huipati. Prosesa hizi zina kinga. Zikipata joto kali, mara nyingi kwenye nyuzi 85 kwenda 100 kutegemea aina, zinajishusha zenyewe zisiungue. E4300 ikijishusha inaweza kutoka kuzidisha mara 9 ikaenda mara 6, sawa na gigahezi 1.2. Theluthi nzima ya spidi imeenda na hakuna taa inayowaka kukwambia! Kujua ni rahisi. Weka CPU-Z na Core Temp, ni programu za bure na ndogo, halafu washa Prime95 iibebeshe prosesa mzigo kwa dakika 20. Angalia spidi wakati mzigo upo, maana mashine ikiwa imekaa tu kushuka hadi 1.2 ni kawaida, inabana umeme. Ikishuka ikiwa na mzigo na joto limepanda, wewe hutakiwi kuchochea, unatakiwa kusafisha.

Na huku kwetu kusafisha si suala la hiari. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi ni vumbi, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hayalali. Kafe yenye mlango unaotazama barabara ndani ya miezi michache inakuwa na zulia kamili kati ya feni na ule mchuma wenye mapezi unaokaa juu ya prosesa, hitisinki. Feni ukiiangalia kwa juu utasema safi, inazunguka vizuri, kumbe hewa haipiti. Lazima uitoe feni ndiyo uone kilicho chini yake.

Zima, chomoa waya ukutani kabisa, gusa chuma cha keisi utoe umeme wa mwilini. Tumia brashi laini ya rangi iliyo kavu na blowa, na feni ishike kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa upepo mkali bearingi zinachoka. Ukishatoa hitisinki utakuta pesti ya zamani imekauka kama chokaa. Ifute kwa kitambaa na spiriti, siyo thina. Weka mpya katikati, kiasi cha punje ya mchele. Mchele, jamani, siyo punje ya kahawa ya Mbozi! Ikizidi haipoozi zaidi, inamwagika tu pembeni. Kazi ya pesti ni kujaza vinyweleo kati ya vyuma viwili, baridi yenyewe haileti.

Halafu kuna zile pini nne za plastiki za hitisinki ya Intel. Mimi hizi nazichukia. Zote nne lazima zilie "tak" na zitokeze nyuma ya bodi. Moja ikilegea, hitisinki inainama upande na joto linaruka hata kama pesti ni ya bei gani. Bonyeza kwa mkingamo: moja, kisha ile ya pembe ya pili.

Baada ya hapo tuna bahati yetu. Hitisinki haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, inaongezea juu ya lile lililopo. Mtu wa Dar anaanzia nyuzi 32, sisi asubuhi ya mwezi wa saba hapa tunavaa makoti. Ni mtaji huo, ila usiuamini mia kwa mia. Tupo juu ya mita 1,500 na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15, kwa hiyo feni ikizunguka spidi ileile inasukuma hewa kidogo kuliko ingesukuma Dar. Tena majira yanabadilika. Mashine iliyotulia mwezi wa sita inaweza kuanza kuganda mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, jua likiwa kali na chumba kimefungwa. Kwa hiyo acha nafasi. Mimi nikiona inazidi nyuzi 70 na Prime95 ikiwa imewashwa wakati wa baridi, narudisha chini, sitaki mjadala.

Sasa mashine zinazokubali. Hapa wengi watanuna. Kompyuta za maofisini, zile Dell OptiPlex na HP Compaq zilizojaa kwenye makafe, BIOS yake haina sehemu ya kubadilisha mapigo. Imefungwa makusudi, ofisi haitaki mfanyakazi achezee. Kuna programu kama SetFSB inayobadilisha ukiwa ndani ya Windows, lakini lazima ujue jina la chipu ya mapigo iliyopo kwenye bodi yako, na ukizima ukawasha inarudi ilikotoka. Kuna pia wanaobandika kipande cha selotepu kwenye vidoa fulani chini ya prosesa ili bodi idhani ni prosesa ya mapigo 266. Inafanya kazi kwa baadhi, kwa nyingine haiwaki kabisa mpaka uitoe. Kama mashine ndiyo inalisha familia, hilo la selotepu achana nalo. Zinazokubali kirahisi ni zile za kuunga, zenye bodi zinazouzwa peke yake, kwa mfano Gigabyte au ASUS zenye chipseti ya Intel P35.

Ukiwa na bodi hiyo, ingia BIOS. Kwanza funga PCI kwenye 33 na PCI Express kwenye 100, ili kupandisha mapigo kusiburute kadi nyingine na diski. Pili shusha uwiano wa RAM, maana nayo inafuata mapigo, na watu wengi wanalaumu prosesa kumbe RAM ndiyo imeshindwa. Volti iandike namba yake, usiiache ijipangie, bodi nyingine huongeza zenyewe bila kukuuliza. Kisha panda kwa 10, 10. Kila hatua washa, Prime95 nusu saa, soma joto. Ukifika unapotaka iache usiku kucha. Ikikataa kuwaka, chomoa umeme, toa betri ya BIOS dakika chache, urudishe, inasahau yote. Na pawasaplai iangalie kabla, kapasita zikiwa zimevimba kichwa usianze kabisa. Umeme wa huku unavyocheza, stabilaiza ni muhimu kuliko feni kubwa.

Jamaa mmoja wa Mpemba anayekata video za harusi alinipa yake, E4300 kwenye bodi ya P35. "Dogo, mimi nataka ifike tatu kabisa." Nikamwambia kaka, tatu inataka mapigo 333 na volti juu, na hiyo hitisinki ndogo uliyonayo haibebi. Tukaishia 2.4 kwa volti ileile ya kiwandani. Kazi ya saa 4 sasa inaisha kwa kama saa 3, na joto halijafika 65.

La mwisho ni kwa mnaofanya kazi kafe za watu. Mashine ya bosi usiichochee kimyakimya. Prosesa iliyozidishwa siyo lazima igande ndiyo ujue ina tatizo, inaweza kukosea hesabu moja ndogo, faili likaharibika, na hakuna kengele inayolia. Mtu amekaa saa nzima anajaza maombi ya mkopo wa chuo HESLB, siku ya mwisho ya dirisha, na kiambatisho chake hakifunguki. Game yako ya PES ikiharibika unaanza upya, yule hana pa kuanzia.

Ya jamaa wa Mpemba nitaipima tena mwezi wa kumi chumba kikiwa cha moto, nitaleta namba. Wenye bodi za kuunga tupieni hapo chini jina la bodi, prosesa, na joto lako na Prime95 ikiwa imewashwa, pamoja na mji ulipo. Wa Dar na Tanga msijifiche.