Moroko: nchi iliyogeuka jina la ngozi

Msikilizaji, ukitaja Moroko leo wengi tunawaza soka, maana ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mwaka 2022. Lakini kwa mafundi wa kujalidi vitabu huko Ulaya, jina hilo lina maana nyingine ya zamani: ngozi laini ya mbuzi.

Wenyeji huiita nchi yao Al-Maghrib, mahali jua linapozama. Ndilo neno lililotupa sisi "magharibi". Wazungu waliijua kwa mji wake wa Marrakesh, na hapo ndipo lilipotoka jina Moroko. Ngozi ilipowafikia, Wafaransa wakaiita maroquin, yaani ya Moroko. Hata sisi tulifanya hivyo: kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na meli za Marekani karne ya 19 tulikiita merikani.

Ngozi hutengenezwaje? Katika mji wa Fez kazi hii bado hufanywa kwa mikono. Ngozi hulowekwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke, kisha kwenye maji yenye kinyesi cha njiwa ili ilainike. Baadaye hutiwa tanini, dawa ya asili ya kwenye magome na majani ya miti, ili isioze. Mwisho hutiwa rangi. Tanini hiyo hiyo imo kwenye magome ya miwati inayolimwa Njombe.

Sasa sikia hili. Sehemu ya ngozi zilizouzwa Ulaya kwa jina la Moroko hazikutoka Moroko. Zilitoka kwa Wahausa, kaskazini mwa Nigeria ya leo, kwenye mbuzi wao wekundu wa Sokoto. Misafara ya ngamia ilizivusha Sahara hadi bandari za kaskazini. Mfugaji alibaki bila jina. Sifa ikaenda njia ya biashara.

Wewe mfugaji unajifunza nini? Thamani ya ngozi huanzia zizini na kwenye kisu. Alama ya moto mgongoni, mikwaruzo ya miiba, kupe na kisu kilichoteleza wakati wa kuchuna, vyote huonekana ngozi ikishatengenezwa. Ukichinja, chuna taratibu, ipake chumvi mapema, kisha ianike kivulini, si juani. Mnunuzi akija, usikubali aseme ni takataka. Hiyo ni mali.