Anayehema Asiambiwe Apunguze Mwili Tu



Naomba niseme machache juu ya ndugu zetu wanene na mioyo yao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku pembezoni mwa Temeke, si mganga, lakini jambo hili limetugusa hapa shuleni.

Mwalimu mwenzetu, mama mwenye mwili mkubwa, alianza kuhema kila akitembea kutoka kituo cha daladala hadi darasani. Alikwenda kutibiwa mahali pawili, sitapataja. Kote aliambiwa neno moja: "Mama, punguza mwili." Mwaka ukapita. Alipopigwa picha ya moyo, kile kipimo wanachokiita eko, ikaonekana ukuta wa moyo umekuwa mnene na moyo hausukumi damu sawasawa. Unene ulikuwapo, hakuna abishaye, lakini ugonjwa ulikuwa umejificha nyuma yake.

Watu wa namna yake ni wengi. Utafiti uliofanywa Kinondoni na kuchapishwa mwaka 2011 ulipima watu wazima 1,249. Waliokutwa na unene wa kupindukia ni asilimia 19.2, wanawake peke yao asilimia 24.7, wanaume asilimia 9. Watafiti waliona pia kwamba walio katika ndoa walinenepa zaidi. Kumbe ule utani wetu wa "ndoa imemkubali" una ukweli wake!

Unene huandamana na presha, na presha ndiyo inayoumaliza moyo. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi. Asilimia 45 chanzo chao kilikuwa presha, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Huo ni umri wa mtumishi ambaye bado hajafikia kustaafu kwa lazima.

Eko haina maumivu wala mionzi. Kifaa kidogo hupitishwa kifuani, mawimbi ya sauti yanaingia na kurudi, moyo unaonekana ukipiga. Daktari hupima ukuta wake, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 10 hivi, hutazama vali, tena huona kila pigo linatoa damu kiasi gani. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto.

Shida ni kwamba kwa mtu mnene mafuta ya kifua huyafifiza mawimbi, picha ikawa na chenga kama televisheni yenye antena mbovu. Mpimaji asiye na subira ataandika kuwa hakuona kitu. Mwenye ujuzi humlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, akatafuta upenyo kati ya mbavu, na ikibidi hupiga sindano ya dawa yenye vipovu ili picha ing'are. Iko pia mashine kubwa ya siti, inayoonyesha chokaa iliyoganda katika mishipa ya moyo. Lakini hiyo hutumia mionzi, na kitanda chake kina kikomo cha uzito.

Sisemi kila mwenye kitambi akimbilie Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2015, inapokea wagonjwa wa nchi nzima, na mtu wa Chamazi au Mabwepande atapoteza siku kwa foleni isiyo na sababu. Wapelekwe wenye presha ya siku nyingi, wanaohema, wanaovimba miguu, wanaoshindwa kulala bila mito miwili mitatu. Wengine waanzie zahanati: presha, sukari na futi ya fundi cherehani kiunoni.

Madaktari wa Taasisi hiyo wamekuwa wakienda mikoani kupima wananchi. Mashine za eko za kubebeka zipo. Basi wahusika wapange siku za kufika Mbagala na Bunju vilevile, maana ukaribu wetu na Muhimbili ni wa kwenye ramani tu.

Na zahanati zetu zipewe mkanda mpana wa kupimia presha. Mkanda mwembamba ukifungwa kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kumezeshwa vidonge visivyo vyake.

Mwalimu,
Temeke, Dar es Salaam.