Bima ya Mwenye Nyumba Haimlindi Mpangaji

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo wapangaji wengi hulisema kwa kujiamini: "Nyumba hii ina bima." Huenda ni kweli. Lakini ni bima ya nani, na ya kitu gani?

Bima hufuata mwenye mali. Mtu hakati bima ya kitu ambacho kikiharibika yeye hapati hasara yoyote. Baba mwenye nyumba hukata bima ya kuta, paa, milango na nyaya za umeme, kwa sababu hivyo ndivyo vyake. Kitanda chako, friji, cherehani na nguo za watoto si vyake. Nyumba ikiteketea, yeye atalipwa ajenge upya. Wewe utabaki umesimama nje na funguo mkononi.

Tukumbuke moto wa Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, usiku wa Julai 10, 2021. Jengo lilikuwa na mwenyewe, na bidhaa zilizokuwamo zilikuwa na wenyewe, yaani wafanyabiashara waliopanga humo. Zilikuwa hasara mbili chini ya paa moja. Katika nyumba ya kupanga mambo ni yale yale.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Tuseme moto umeanza chumbani kwako kwa sababu uliacha pasi kwenye umeme ukaenda dukani. Kampuni ya bima itamlipa mwenye nyumba. Ikishamlipa, kampuni ile hushika nafasi yake na kuwa na haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Aliyesababisha ni wewe. Kwa hiyo bima ya mwenye nyumba, uliyodhani ni ngao yako, inaweza kukugeukia ikawa deni.

Ndiyo maana bima ya mpangaji iliyo kamili huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya vitu vya ndani, dhidi ya moto, wizi na majanga mengine yaliyotajwa. Ya pili ni ya dhima, yaani kulipia madhara utakayomsababishia mwingine. Ukiuziwa sehemu ya kwanza peke yake, uliza ya pili iko wapi.

Sasa niwageukie wenye flati. Sheria ya mwaka 2008 iliwawezesha Watanzania kumiliki sehemu ya jengo kwa hati, na wamiliki huwa na chama chao. Ndani ni kwako. Ngazi, paa na lifti ni vya wote. Bima ya jengo zima kwa kawaida hukatwa kwa pamoja kutokana na michango ya wamiliki. Usitosheke na kuambiwa kwamba ipo. Omba uisome, uone inaishia wapi. Je, inaishia kwenye kuta tupu, au inafika mpaka kwenye vigae, makabati ya jikoni na dari uliyoiweka mwenyewe? Inapoishia ile ya pamoja ndipo inapopaswa kuanza ya kwako. Na bomba lako likipasuka usiku, maji yakamharibia makochi jirani wa chini, huyo atakuja kugonga kwako, si kwa mwenyekiti wa chama.

Wapo wanaosema bima hailipi. Nadhani mara nyingi ugomvi huanza siku ya kutia sahihi, pale mtu anapotia sahihi asichokisoma. Nitataja mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kutaja thamani pungufu ili ada iwe ndogo. Tuseme vitu vyako vina thamani ya shilingi milioni 20, nawe ukaandika milioni 10. Moto ukaunguza vya milioni 6. Usitazamie milioni 6. Kwa kuwa ulikata bima ya nusu, kampuni ina haki ya kukulipa nusu ya hasara, yaani milioni 3.

Mtego wa pili ni uchakavu. Bima nyingi hulipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipoharibika, si bei ya kipya dukani. Televisheni ya miaka saba haitarudi mpya, isipokuwa kama mkataba unasema hivyo.

Mtego wa tatu ni yasiyomo. Mikataba mingi hudai alama za kuvunja ndipo wizi ulipwe; mlango ulioachwa wazi haukubaliki. Fedha taslimu na vito huwekewa kikomo. Mafuriko nayo yaulizwe kwa jina. Waliokuwa mabondeni Dar es Salaam Desemba 2011 wanajua maji hayabishi hodi. Na kama unashonea wateja au unauza vitu chumbani, sema mapema. Ukificha, kampuni inaweza kukataa dai lote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Keti na wa nyumbani mwako jioni moja, mwandike kila kitu, chumba kwa chumba, na bei yake. Pigeni picha, tunzeni risiti, na nakala iwekwe kwa ndugu anayeishi kwingine, kwa maana daftari likiungua pamoja na kabati halitasaidia kitu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Shirika la Bima la Taifa lilibaki peke yake katika kazi hii kwa miaka mingi. Sheria ya 1996 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, kwa hiyo leo unaweza kulinganisha. Hakikisha kampuni au wakala wako amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Na dai lako likikataliwa bila sababu ya kuridhisha, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikae nyumbani ukilalamika.

Sisemi kila mwenye chumba kimoja akimbilie bima kesho. Nasema kila mmoja ajumlishe vitu vyake, kisha ajiulize: vikiteketea usiku wa leo, nitavinunua upya kwa fedha ipi? Mwenye jibu alale. Asiye nalo aanze kuuliza bei.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.